Mwita Majina wa Mahakama Kuu ya Maridhia

Nchi ya Maridhia haipo. Wananchi wake wametangaziwa hivyo redioni, kwa amani kabisa, wakaombwa wasibishane na mgeni yeyote atakayedai amewaona. Kwa hiyo haya yanayosimuliwa hayakutokea, waliotendewa hawakutendewa, na kama msomaji ataona humu kofia, tumbo au kicheko anachokifahamu, hilo ni tatizo la macho yake.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na Mahakama Kuu yenye nguzo sita na baraza refu mbele yake, na katika baraza hilo alisimama kwa miaka thelathini na mmoja mzee mwembamba aitwaye Sefania Mlekwa. Kazi yake ilikuwa kuita majina. Kabla ya kila shauri alitoka nje, akajaza mapafu, akaita jina la mlalamikaji mara tatu, kisha la mlalamikiwa mara tatu. Mlalamikaji asipoitika hata mara ya tatu, shauri lake linafutwa hapohapo na halifunguliwi tena. Mlalamikiwa asipoitika, jaji anamsikiliza mlalamikaji peke yake, anaandika aliyoyasikia, anatoa hukumu. Wakoloni ndio waliouacha utaratibu huo, na mashujaa waliouondoa ukoloni waliondoa kila kitu chake isipokuwa huo utaratibu, mawigi ya majaji, na gereza.

Sauti ya Sefania ilifika mpaka ng'ambo ya barabara. Wezi wa kuku, ndugu waliogombania shamba la marehemu, wachumba waliotoroka, wote walisikia majina yao yakitoka kinywani mwake. La kwake halikuwa na mwitaji. Mkewe Yunisi alifariki, na tangu hapo hapakuwa na mtu wa kusema "Sefania" mpaka yeye ageuke. Ofisini alikuwa "wewe". Nyumbani alikuwa na redio, nayo haikuwa inamwita yeye.

*

Siwatu Mkomwa alifika masjala Jumatatu moja asubuhi na karatasi moja. Karani aliipokea bila kuinua macho, maana alikuwa anamenya chungwa. Mlalamikaji: Siwatu Mkomwa, msuka mikeka. Mlalamikiwa: Jeremani Kitwalo. Makazi ya mlalamikiwa: nyumba nyeupe juu ya kilima. Dai: aniambie mume wangu yuko wapi.

Karani akagonga mhuri.

Asilaumiwe. Kosa lile angelifanya Mmaridhia yeyote wa rika lake, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyelisikia jina la Rais likiwa limevuliwa sifa zake. Redio ilimwita Mlezi. Vitabu vya shule vilimwita Mwanga. Jeshi lilimwita Jemadari wa Majemadari, na wanawake wa chama walimwita Baba hata wale waliomzidi umri. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwa watu wachache wenye kumbukumbu ndefu, na watu wa aina hiyo serikali ilikuwa imeshawatafutia mahali pa kupumzika. Siwatu alilijua kwa sababu alisoma naye darasa la pili. Alimkumbuka vizuri: ndiye mtoto aliyekuwa akijamba halafu anamsonta mwenzake kidole.

Sefania naye alilijua. Alisimama barazani na karatasi ile mkononi, akaliangalia jina kwa muda. Angeweza kukohoa, au kusema karatasi imelowa. Lakini katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuruka jina la mtu, na hakuona kwa nini aanze na hili.

Akaita, "Siwatu Mkomwa."

"Nipo," akajibu mwanamke wa makamo aliyekaa kwenye benchi, ukindu mapajani.

"Jeremani Kitwalo."

Watu wakatazamana, wakimtafuta mwizi wa kuku mwenye jina hilo. Alipoita mara ya pili, mzee mmoja aliyekuja kwa shauri la mpaka akashika kichwa, akamnong'oneza wa pembeni yake, naye wa pembeni akanong'ona mbele, na kabla mnong'ono haujafika nguzo ya sita baraza lilikuwa tupu. Viatu saba vilibaki, vingine havina jozi. Sefania alifungua kinywa kuita mara ya tatu, na mkono wa askari wenye harufu ya sabuni ya kufulia ukatokea nyuma yake ukakiziba.

*

Shauri lilisikilizwa kesho yake mbele ya Jaji Kanuti Hembela, mtu mwema, ambaye wema wake ulikuwa hautoki nje bila ruhusa. Siwatu hakuwa na wakili, kwa sababu mawakili wote wa jiji walipatwa na misiba mikoani siku moja. Upande wa pili alisimama Mwanasheria Mkuu, Daktari Faustini Nkwama, akiwa amevaa joho juu ya joho.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "Katiba inatamka kwamba Rais hataguswa na mkono wa sheria. Nauliza: wito ni nini kama si mkono? Swali ni nini kama si kidole? Na jina la mtu, Mheshimiwa, ni sehemu ya mwili wake, tena ile iliyo nje kabisa. Huyu mwita majina amemshika Rais wetu mara mbili, hadharani, akiwa hana nguo."

Jaji akamuuliza Siwatu kama ana la kujibu.

"Mimi sina haja ya kumshika," Siwatu akasema. "Nataka aniambie alimshusha wapi."

Hapo ndipo alipoeleza, na karani hakuandika, kwa kuwa mlalamikiwa alikuwa hajaitwa sawasawa. Ilikuwa sherehe ya uhuru, mwaka wa njaa ya pili, ile ambayo magazeti yaliiita Mwaka wa Lishe Mpya. Rais alipangiwa kufika uwanjani saa tatu. Alifika saa saba. Watu elfu arobaini walikuwa juani, watoto wa shule wanaanguka mmoja mmoja na bendera zao, na mnara wa saa wa jiji unaonyesha saa saba kwa kila mwenye macho. Rais akautazama mnara, akasema saa imeharibika. Akaitwa fundi wa saa hiyo, Athumani Lweno, mume wa Siwatu. Athumani akapanda ngazi zote, akakagua, akashuka anafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Saa nzima, mzee. Haina kosa."

Hakuwa mpinzani. Hakuwa na kadi ya chama chochote. Aliulizwa habari za mashine, akajibu habari za mashine. Rais akacheka, akamshika bega kama rafiki, akamfungulia mlango wa gari lake mwenyewe. Wakaondoka. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka tisa. Mishale ya mnara ilirudishwa saa tatu ikafungwa kwa waya, iko hapo hadi leo, na Maridhia haijachelewa tena.

Jaji Hembela aliandika uamuzi wake kwa wiki mbili na akausoma kwa saa tatu. Mahakama, alisema, ina uwezo wa kumwita kila mtu, ila haina uwezo wa kumwita yule ambaye uwezo wenyewe unatoka kwake. Kwa hiyo shauri lilistahili kufutwa. Hata hivyo lilikuwa limeshagongwa mhuri, na mhuri wa mahakama una sura ya Rais, na kulifuta ni kupitisha kalamu juu ya uso wa Rais, jambo ambalo ni uhaini. Mwanasheria Mkuu alianza kutoka jasho. Ndipo jaji akapata njia: wahusika wa shauri hili wataitwa kwa sifa zao zote, bila kupunguzwa hata moja, mara tatu, katika kikao kimoja, kabla ya kengele ya saa tisa. Kengele ikilia wito haujakamilika, shauri linaahirishwa hadi kesho na wito unaanza upya.

"Sifa za mlalamikaji?" karani akauliza, kalamu juu.

"Hana," akajibu Daktari Nkwama. Ikaandikwa.

Sifa za mlalamikiwa zililetwa na askari wawili. Zilikuwa kurasa sabini.

*

Basi kila asubuhi saa tatu Sefania aliita "Siwatu Mkomwa", mara moja ikatosha, kwa kuwa sauti ile kwenye benchi ilisema "Nipo" kabla hajameza mate. Daktari Nkwama, aliyekuja kila siku na kalamu yake ikiwa wazi akisubiri siku ambayo mama yule hataitika, aliifunga kalamu. Kisha Sefania akafungua kurasa.

"Mlezi wa Taifa na wa Mataifa Jirani Yasiyojua. Mwanga Usiohitaji Mafuta. Mshindi wa Uchaguzi kwa Asilimia Mia na Mbili. Mjenzi wa Daraja Linalongoja Mto. Mponyaji wa Kipindupindu kwa Tamko. Mkulima Bora wa Mwaka wa Ukame. Mfariji wa Wajane…"

Zilikuwa zinaendelea hivyo. Wengine walizisikia kama mvua juu ya bati, lakini Sefania alikuwa na bahati mbaya ya kukumbuka. Alijua kila sifa ilizaliwa siku gani na nani alizikwa siku hiyo. Akifika kwenye Mponyaji wa Kipindupindu aliiona mitaro ya chokaa kule Nduluni. Akifika kwenye Daraja aliwaona vibarua kumi na wanane. Hakupunguza sauti wala hakuongeza. Saa tano na robo alimaliza wito wa kwanza. Saa saba na nusu alimaliza wa pili. Wa tatu ulikatwa na kengele. Kengele ililizwa kwa kufuata saa ya ukutani ya mahakama, saa pekee ya serikali iliyokuwa inasema kweli, na aliyeitengeneza, Sefania aliambiwa baadaye, ni Athumani Lweno. Kazi ya mume ilikuwa inaahirisha shauri la mke kila siku, bila kukosea hata dakika.

Wenzake ofisini waliacha kunywa chai naye. Hakuna aliyemwambia neno baya. Kikombe chake tu kilihamishwa kikawekwa dirishani. Barazani watu walijifunza kusubiria upande wa nyuma, kwenye mapipa ya taka, ili wasionekane wakisikiliza. Wakabaki wawili katika baraza lile refu: mmoja anasoma, mmoja anasuka.

Kwenye mapumziko mafupi ya saa sita Siwatu alifungua bakuli la viazi vikuu na kumsogezea.

"Kaka," akasema siku moja, "huchoki na huyu mtu?"

"Nimechoka naye tangu ukurasa wa tatu, dada."

Siwatu akacheka, ukindu ukamponyoka. Kuanzia hapo walizungumza. Alimweleza habari za Athumani vipande vipande, jinsi alivyolala na saa ya mezani sikioni kama wengine wanavyolala na redio. Jinsi alivyokuwa hawezi kuongopa hata akiulizwa kama mchuzi una chumvi. Jinsi yeye mwenyewe, mpaka leo, anapika chakula cha watu wawili, halafu anakaa anakitazama kile kingine kinapoa. Alimweleza baba yake mchimba visima, na mkeka aliousuka kwa ajili ya harusi yao, rangi tatu, ambao Athumani aliupima kwa rula akaona upande mmoja umezidi.

"Jaji akinisikiliza nitayasema yote haya," alisema. "Hata ya rula. Yaandikwe. Hata kama hasemi alimshusha wapi, iwepo karatasi ya serikali inayosema kulikuwa na mtu."

Sefania hakuwa na la kumpa isipokuwa mapafu. Akaanza kusoma kwa kasi. Aliacha kunywa maji, akajifunza kuvuta pumzi katikati ya neno, akazijua kurasa ishirini kwa moyo ili asipoteze muda kuzifungua. Mwaka wa pili alifika ukurasa wa sitini wa wito wa tatu. Mwaka wa tatu, Alhamisi moja ya baridi, kengele ililia zikiwa zimebaki sifa tisa. Daktari Nkwama alikuwa amesimama, mkono kooni. Siwatu alikuwa ameinuka kwenye benchi, kitambaa kimefungwa vizuri, tayari kuingia.

Ijumaa Bunge likakutana kwa dharura. Wabunge walilia, wengine kwa machozi, wakiuliza inawezekanaje kiongozi mkubwa namna ile akawa na kurasa sabini tu. Wakampa thelathini nyingine.

Jumatatu askari wawili walileta kitabu kipya. Sefania alikipokea kwa mikono miwili, akasikia uzito wake, akatazama kwenye benchi. Siwatu alikuwa anachagua ukindu.

"Soma tu, kaka," akasema. "Mimi sina pa kwenda."

*

Mwaka wa nne Siwatu alianza kukohoa. Alikuja akiwa na shuka mabegani hata kukiwa na jua, na "Nipo" yake ikawa inachelewa kidogo, kwanza kwa pumzi moja, baadaye kwa mbili. Daktari Nkwama alizihesabu pumzi hizo. Kalamu yake haikufungwa tena.

"Kaka Sefania," Siwatu alisema mchana mmoja, bakuli limejaa, hakuna aliyegusa, "siku nikichelewa, usiniite haraka haraka."

Akaahidi. Hakujua alichoahidi ni nini; jina la Siwatu lilikuwa na maneno mawili tu, hata ukiliburuta vipi.

Jumatatu iliyofuata benchi lilikuwa tupu. Langoni alikuta mwanamke amesimama na mkeka uliokunjwa, haujamalizika, ukindu unaning'inia.

"Samahani, wewe ndiye kaka Sefania?"

Aligeuka kabla hajaelewa kwa nini amegeuka.

"Mimi ni jirani yake Siwatu. Ametutoka juzi jioni, tumemzika jana. Alikuwa anakutaja sana, ndiyo nikaona nije."

Sefania akaushika mkeka. Alitaka kuuliza mambo mengi, lakini lililomkaa kichwani lilikuwa dogo, la aibu: kwamba kwa muda wote ule, katika nyumba asiyoijua, kulikuwa na mtu anayelitaja jina lake, naye hakuwepo kulisikia.

"Umemwambia nani mwingine hapa?"

"Nani mwingine anayemjua?"

"Basi usiwaambie," akasema.

Saa tatu kamili alisimama barazani. Jaji Hembela alikuwa ameketi ndani, milango wazi. Daktari Nkwama aliliona benchi, akasogea mpaka kizingitini, kalamu mkononi, uso wake umejaa huruma ya mtu aliyekwisha shinda. Mara tatu. Pumzi sita au saba, na hakutakuwa na Athumani yeyote aliyewahi kuulizwa saa.

Sefania hakufungua kitabu cha Rais. Akaubana mkeka kwapani. Kisha akajaza mapafu.

"Siwatu Mkomwa. Binti wa Mkomwa mchimba visima wa kule kwenye mawe. Msuka mikeka ya rangi tatu, ukiwemo mmoja uliozidi upande…"

"Pingamizi," akasema Daktari Nkwama. "Mlalamikaji hana sifa. Iko kwenye kumbukumbu."

Sefania Mlekwa, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusema neno lake mwenyewe ndani ya jengo lile, aligeuka akamtazama jaji.

"Mheshimiwa, amri yako inasema wahusika waitwe kwa sifa zao zote, bila kupunguzwa hata moja. Wakati ule huyu mama hakuwa nazo. Tangu hapo amezipata."

"Kazipatia wapi?" jaji akauliza.

"Hapa hapa barazani, Mheshimiwa. Miaka minne."

Jaji Hembela alivua miwani. Alimtazama Mwanasheria Mkuu, akalitazama benchi tupu, na bila shaka aliyaelewa yote, kwa kuwa hakuwa mjinga hata siku moja. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Mwisho akaitazama saa ya ukutani kwa muda mrefu.

"Ita," akasema, akainamisha kichwa kama mtu anayesoma, na mbele yake hapakuwa na karatasi.

Sefania akaita. "Mke wa Athumani Lweno, fundi saa, aliyeulizwa saa akaitaja. Aliyesoma darasa la pili na mtu nisiyeruhusiwa kumtaja, na anayekumbuka nani alikuwa anamsonta nani. Mpishi wa chakula cha watu wawili kwa miaka kumi na mitatu. Mwenye swali moja. Aliyelikalia swali hilo kwenye benchi hili, masika na kiangazi, akisikiliza kurasa mia za mtu mwingine. Aliyemsogezea mwita majina bakuli, siku ambazo kikombe chake kiliwekwa dirishani…"

Zilipokwisha za Siwatu aliingiza za Athumani, kwa kuwa mume ni sifa ya mke. Zilipokwisha za Athumani aliingiza mitaro ya chokaa ya Nduluni, kwa kuwa Siwatu aliwahi kuililia. Aliingiza vibarua kumi na wanane, mmoja mmoja, na majina ya baba zao. Karani wa masjala aliandika yote, kwa kuwa ule ulikuwa wito halali na wito halali huandikwa. Kufika saa tisa wito wa pili ulikuwa haujafika nusu. Kengele ikalia. Shauri likaahirishwa.

Hivyo ndivyo linavyoendelea katika nchi ile isiyokuwepo. Rais hajaguswa. Daktari Nkwama ameliandikia Bunge apewe sheria ya kufupisha, nalo Bunge limekwama, kwa kuwa sheria yoyote itakayopunguza sifa za mhusika mmoja itawapunguzia wote. Watu wameanza kurudi barazani kutoka kule kwenye mapipa ya taka. Wanasimama mbali na mzee, wanasikiliza, wakisikia jina la mtu wao wanatazama chini.

Yeye hawaoni. Saa tisa anakunja mkeka aliouweka juu ya benchi ili pasikaliwe, anarudi kwenye redio yake. Asubuhi anauweka tena, anajaza mapafu, anaita, "Siwatu Mkomwa." Na kabla ya kuanza sifa ananyamaza, pumzi moja, mbili, akiwa amegeuza sikio upande wa benchi. Utaratibu haumtaki angoje hapo. Anangoja tu.